Namna ya kuandika historia ya kikosi cha ndege za vita na kuhesabu hasara zake ukiwa hapa Lubumbashi

Nkambo yangu alikuwa na miaka kumi na mbili mu 1961, wanaishi Kamalondo, na mpaka uzee wake kila akisikia ndege inashuka chini upande wa uwanja wa Luano alikuwa anaacha kile anafanya, anatazama juu mpaka ipite. Alikuwa anasema "ile ndeke ilikuwa moja tu, lakini ilitusumbua kama kumi." Miaka mingi nilidhani ni maneno ya wazee tu, vile wanaongezaka chumvi, mpaka siku nimeanza kusoma na kuandika mambo haya mimi mwenyewe ndiyo nikakuta alisema kweli tupu. Mu mapigano ya Septemba 1961 ile jeti ya Katanga iliyokuwa inapiga ilikuwa moja kweli.

Basi naandika hii kwa wadogo zangu wa hapa L'shi, wa Likasi, wa Kolwezi, na kwa yeyote anayetaka kufanya hii kazi: kuchukua kikosi kimoja cha ndege za vita, kuandika kilifanya nini, kilipoteza nini, na kupigisha wengine hasara gani. Haitaki diploma. Inataka kaye, stilo, telefone yenye kurekodi, na moyo wa kurudia kitu kimoja mara tano bila kuchoka.

Kitu cha kwanza kabisa, chagua kikosi kimoja. Usiseme "nitaandika vita ya Katanga" juu hautamaliza, utakuta unaandika habari ya Tshombe rais wa Katanga, ya kampuni ya migodi Union Minière, ya Lumumba, na ndege zenyewe hauzifiki. Hapa kwetu viko vikosi vichache tu unaweza kushika. Kiko Avikat, jeshi la anga la Katanga yenyewe. Kiko F 22, kikosi cha Wasweden kilichokuja chini ya ONU (Umoja wa Mataifa) na jeti zao za J 29 zinazoitwa Tunnan, maana yake pipa, na ukiona foto yake utaelewa mara moja, tumbo lote mviringo. Iko Sabre nne za Ethiopia. Ziko Canberra za India, kikosi namba 5 cha jeshi la anga la India. Mimi nitatumia F 22 na Avikat kama mfano, juu hawa wawili ni kama mwizi na mlinzi, haiwezekani uelewe mmoja bila mwingine (nani mwizi nani mlinzi, hiyo inategemea unakaa nyumba gani, na nitarudi hapo).

Mbele ya kuandika hata neno moja juu ya ndege, chora mifupa ya tarehe. Chukua ukurasa mzima wa kaye, weka hizi: 11 Julai 1960 Katanga inajitenga na Kongo. Februari 1961 jeti tatu za Katanga, Fouga Magister, zinafika Elisabethville. 28 Agosti 1961 ONU inakamata mamluki na sehemu muhimu mjini, operesheni Rumpunch. 13 Septemba 1961 mapigano ya kwanza makubwa, Morthor, kule posta na kule radio. Oktoba 1961 jeti za Sweden zinafika Luluabourg. Desemba 1961 vita ya pili, Unokat, ile ya kwenye tunele. 28 Desemba 1962 vita ya tatu, Grandslam. 21 Januari 1963 ONU inaingia Kolwezi na mambo yanaisha. Acha nafasi kubwa katikati ya kila tarehe. Kila kitu utakachosikia ao kusoma kitaingia mu moja ya hizo nafasi, na kama hakiingii popote ujue kuna kosa, lako ao la aliyekuambia.

Halafu geuza ukurasa, andika majina ya miji. Hii ndiyo inaua vijana wengi. Elisabethville ni Lubumbashi tangu 1966, hiyo kila mtu anajua, lakini Jadotville ni Likasi, Luluabourg ni Kananga, Albertville ni Kalemie, Léopoldville ni Kinshasa. Nilishaona mtu ameandika kwamba Wairlandi walizingirwa Jadotville na wengine walizingirwa Likasi, kama vita mbili! Kumbe ni kompani moja, watu zaidi kidogo ya 150 chini ya komanda Pat Quinlan, kutoka 13 mpaka 17 Septemba 1961, na Fouga ilikuwa inawapiga kutoka juu. Shika kanuni: mu maandishi yako tumia jina la wakati ule, na mara ya kwanza ongeza "leo ni Likasi". Basi.

Sasa kazi yenyewe. Hasara ya kikosi haianzi na hasara, inaanzia kwenye orodha ya ndege kilizokuwa nazo. Hauwezi kujua nini kilipotea kama haujui nini kilikuwako. Kila ndege iko na namba yake, imepigwa rangi mkiani ao ubavuni, na hiyo namba ndiyo kama kitambulisho cha mtu. Tuchukue Fouga. Katanga iliagiza tisa, zikafika tatu. Namba zake 91, 92 na 93. Ni jeti ndogo ya Ufaransa, ilitengenezwa kwa kufundishia marubani, injini mbili ndogo, bunduki mbili za mashini puani, na unaweza kuifunga roketi ao bomu ndogo chini ya mabawa. Sasa fuata moja moja. Moja ilianguka kwa ajali katikati ya 1961, mbele hata vita ya Septemba haijaanza. Namba 92 ilikamatwa na ONU ikiwa chini kule Luano siku ya Rumpunch, 28 Agosti. Inabaki 93. Hiyo ndiyo ya nkambo yangu. Ilikuwa inatokea Kolwezi, rubani aliyejulikana zaidi ni Mbelgiji José Magain, na mu siku chache za Septemba iliwapiga Wairlandi Jadotville, ikapiga makao ya ONU hapa mjini, ikachoma ndege za ONU za kubeba mizigo zikiwa zimesimama uwanjani, na ONU haikuwa na ndege hata moja ya kuikimbiza.

Ona tulichopata hapo. Ukiandika tu "Katanga ilipoteza Fouga mbili kati ya tatu", msomaji atafikiri zilidunguliwa. Hakuna iliyodunguliwa kati ya hizo mbili. Moja ajali, moja ilitekwa imezima injini. Kwa hiyo kila mara neno hasara lipe sababu yake, andika mbele yake ni ya namna gani. Mimi niko na namna tano: ilidunguliwa hewani ao kwa risasi za chini, ilianguka kwa ajali, iliharibiwa ikiwa chini, ilitekwa, na ya tano ambayo watu wanaisahau, iliachwa ao ilivunjwa na wenyewe.

Hiyo ya tano ndiyo historia nzima ya F 22, na hapa naomba usome polepole. Wasweden walikuja na J 29B tano Oktoba 1961, komanda wao wa kwanza luteni kanali Sven Lampell, na mwishoni mwa 1962 wakaongezewa J 29B nne na S 29C mbili za kupiga foto. Hizi zilikuwa jeti za kweli za vita, mizinga minne ya milimita 20, mwendo zaidi ya kilomita 1000 kwa saa, na ndiyo jeti za kwanza za Sweden kupigana. Zilishiriki vita ya Desemba 1961 na ile ya Desemba 1962, pale zilipopiga uwanja wa Kolwezi na ndege za Avikat zikaishia palepale chini. Risasi za chini zilizipata mara nyingi, zilikuwa zinarudi na matundu. Lakini hakuna hata moja iliyodunguliwa. Moja iliharibika wakati wa kuruka, rubani alijaribu kuisimamisha ikiwa bado inakimbia uwanjani na ndege ikavunjika, hiyo ni ajali. Sasa ukienda kuhesabu ngapi zilirudi nyumbani Sweden, utashtuka, ni chache! Nyingi zilibaki ku kituo cha Kamina mu 1963, wakazivunja wenyewe, juu kuzirudisha ilikuwa gharama kubwa na kule kwao zilikuwa zinaanza kuwa za zamani. Mtu ambaye hajui atachukua idadi iliyokuja, atatoa iliyorudi, na ataandika kwamba Katanga ilimaliza jeti za Sweden. Mtu mwingine atasikia "hakuna iliyodunguliwa" na ataandika kwamba hawakupoteza kitu. Wote wawili wamekosa, na wote wawili walikuwa na namba sahihi mkononi.

Kwa hiyo mu kaye yako kila ndege ipate mstari wake, na kwenye mstari andika: aina, namba, tarehe, saa, mahali, nani alikuwa ndani, namna ya hasara kati ya zile tano, na mwisho kabisa "nani anasema". Hiyo ya mwisho usiache hata siku moja. Mimi niliacha mwaka wangu wa kwanza, nikajaza kaye mbili nzima bila kuandika habari ilitoka kwa nani, na nilikuja kuzianza upya zote juu sikuweza tena kutofautisha kile nilisoma na kile nilisikia kwenye matanga.

Saa nayo ni mtego. Kinshasa na Lubumbashi zinapishana saa moja, na makaratasi ya ndege mara nyingi yanafuata saa ya Greenwich, ambayo iko nyuma yetu kwa saa mbili. Mfano mkubwa kuliko yote uko hapa jirani, Ndola ya Zambia. Ndege ya katibu mkuu wa ONU Dag Hammarskjöld ilianguka dakika chache baada ya saa sita usiku, yaani kwetu imeshakuwa 18 Septemba 1961, lakini kwa saa ya Greenwich bado ni usiku wa tarehe 17. Ukikuta tarehe mbili usifikiri mmoja anadanganya. Na wafu pia, utaona mahali wameandika 15, mahali 16. Ndani walikuwa 16, 15 walikufa palepale, mmoja alipatikana hai akafa siku chache baadaye hospitalini. Ile ndege ilisafiri usiku na ikazunguka njia ndefu upande wa mashariki sababu ya kuogopa Fouga yetu moja. Nini kiliiangusha mpaka leo haijafungwa, na mtu ambaye ONU ilimpa kazi ya kuchunguza upya ni jaji mkuu mstaafu wa Tanzania, Mohamed Chande Othman. Wewe mu orodha yako usiiweke chini ya hasara ya kikosi chochote cha vita. Ilikuwa DC-6 ya abiria, na F 22 ilikuwa bado haijafika Kongo.

Hivyo hivyo na Waitalia wa Kindu. Tarehe 11 Novemba 1961 wanahewa 13 wa Italia waliuawa Kindu na wanajeshi wa Kongo, walikuwa wamekuja na ndege mbili za mizigo kuwaletea chakula askari wa ONU wa Malaya. Ni msiba mkubwa, utaukuta kila mahali, na kijana anayeanza anauingiza mu hesabu ya vita ya Katanga. Haumo. Kindu ni Maniema. Andika ukurasa wake pembeni, uheshimu wafu wake, lakini usichanganye.

Kuhusu mzee wa mtaani. Hapa ndipo sisi wa hapa tuko na kitu ambacho mtu wa Stockholm ao wa Brussels hana. Mtoto wa miaka kumi wa 1961 leo anapita sabini. Wako bado mu makomini yetu ya Kenya, Katuba, Kamalondo, Ruashi, wamekaa kwenye viti mbele ya parsele zao, na kila mwezi tunazika mmoja. Enda kwao mbele ya kwenda kwenye intaneti.

Lakini usiende na swali la "papa, uliona F 22?" Hajui hilo jina, hakuna aliyelijua. Salimia, kaa, uliza familia, uliza alikuwa anaishi wapi, alikuwa anasoma shule gani, baba yake alikuwa anafanya kazi wapi, ku Gécamines wakati bado inaitwa Union Minière, ao ku reli. Halafu muulize: ulikuwa umesimama wapi siku ya kwanza umesikia ndege ya vita? Mtu akikumbuka pale alisimama, kila kitu kingine kinakuja chenyewe, alikuwa amevaa nini, mama yake aliita nani, walikimbilia wapi. Muulize sauti. Jeti inapita mbele, sauti inafuata nyuma. Ndege ya kizamani yenye feni puani unaisikia kutoka mbali mbele hujaiona. Kwa swali hilo moja tu unaweza kujua kama alikuwa anaongelea Fouga ao Harvard, ile ya feni.

Tarehe hatakupa, na usimlazimishe. Mpe majira. Morthor ilikuwa Septemba, joto na vumbi, mvua bado. Unokat ilikuwa Desemba, mvua imeshika, mbele ya Noeli. Grandslam nayo Desemba lakini baada ya Noeli, karibu na mwaka mpya. Tatizo kubwa la wazee wetu ni hizi Desemba mbili, 1961 na 1962, karibu wote wanazichanganya, na mimi nilizichanganya pamoja nao mpaka nikapata namna ya kuzitenganisha. Uliza: vita ilikuwa ndani ya mji, kwenye tunele, siku nyingi, watu wamejificha chini ya vitanda? Hiyo ni 1961. Ao ilikuwa siku chache, majandarme (askari wa Katanga) wanatoka, Tshombe ametoka mjini? Hiyo ni 1962. Na kama anakumbuka ndege inapiga na ONU ndiyo inayokimbia, hiyo ni Septemba, juu baada ya Oktoba anga ilipata mwenyewe mwingine.

Saa pia uliza vizuri. Mzee akikuambia "saa tatu", muulize asubuhi jua liko wapi, juu wengine hapa wanahesabu kama Waswahili wa pwani na wengine wanahesabu kifaransa, na tofauti ni saa sita nzima.

Jambo lingine, na hili nalisema kwa uzito. Wakati ule mu mji huu Wabaluba wa Kasai na wa kaskazini ya Katanga walikuwa wanawindwa, maelfu kwa maelfu walikimbilia mu kambi ya wakimbizi chini ya ONU. Kwa mzee aliyelala mu kambi ile, jeti yenye herufi UN ilikuwa ni usingizi wa usiku mmoja zaidi. Kwa mzee ambaye kaka yake alikuwa jandarme Kolwezi, jeti ileile ilikuwa kifo. Nimekaa na wote wawili, mu wiki moja, mu komini moja. Usimuonyeshe yeyote kati yao wewe unaegemea wapi, usimkatize, na usimpelekee huyu maneno ya yule. Andika yote mawili. Na majina yao usiyatoe hadharani bila wao kukubali, hata kama yamepita miaka sitini, juu wajukuu wao wanaishi parsele kwa parsele.

Sasa umerudi nyumbani na sauti kumi mu telefone. Zisikilize, uandike neno kwa neno mu Kiswahili chao kilekile, usisafishe. Ndipo uanze kulinganisha na makaratasi.

Makaratasi yenyewe yako kwa nani? Kila jeshi liliandika lake. Ya ONU yako New York, na mengi wameshayapiga skani, unaweza kuyasoma bure ukiwa na megabaiti za kutosha (chukua forfe ya usiku). Ya Wasweden yako Krigsarkivet, hifadhi ya makaratasi ya jeshi lao, Stockholm, na iko makumbusho ya jeshi lao la anga kule Linköping. Wairlandi wako na ya kwao Dublin. Wabelgiji wako na makumbusho ya Tervuren. Andika imeli fupi, yenye swali moja tu, kwa mfano "natafuta ripoti ya F 22 ya tarehe 29 Desemba 1962", usiwaandikie "nitumieni kila kitu juu ya Katanga". Usiogope Kiingereza chako. Hapa mjini anzia maktaba ya UNILU, yaani Université de Lubumbashi, na Musée national, na uliza magazeti ya zamani ya Elisabethville, hata matangazo ya vifo ndani yake ni mali.

Ukipata ripoti ya rubani, uiheshimu lakini usiimeze. Rubani anapita juu ya uwanja kwa mwendo wa kilomita mia saba na zaidi, wanampiga risasi kutoka chini, anaona moshi sekunde mbili. Ataandika "nimeharibu ndege nne". Mwenzake anapita nyuma yake, anaona moshi uleule, anaandika "nimeharibu tatu". Ofisini wanajumlisha saba. Kumbe chini zilikuwa nne, na moja kati yake ilikuwa imeshakufa tangu mwaka uliopita. Kolwezi ilipigwa mara zaidi ya moja, Desemba 1961 na Desemba 1962, kwa hiyo mzoga uleule unaweza kuuawa mara mbili kwenye karatasi. Ndiyo maana ulitengeneza orodha ya namba za ndege. Mu kaye yako tengeneza safu mbili, moja "wanadai", nyingine "imehakikishwa", na kitu kisivuke kutoka ya kwanza kwenda ya pili mpaka upate upande wa waliopigwa wanakubali, ao foto.

Foto ni rahisi ukishajua alama. Mkia wa umbo la V, hiyo ni Fouga, hakuna nyingine huku yenye mkia huo. Tumbo kubwa la mviringo na tundu la hewa puani, ni Tunnan ya Sweden. Tundu puani lakini mwili mwembamba mrefu, Sabre. Injini mbili zimekaa mu mabawa na ndege yenyewe ni kubwa, Canberra. Feni moja puani na kioo kirefu kama cha basi juu ya viti viwili vya mfululizo, Harvard. Tazama milima, tazama cheminé ya Gécamines nyuma, tazama kama majani ni mabichi ao yamekauka, hiyo inakuambia mvua ao kiangazi.

Pima na umbali pia, watu hawapimi. Kutoka Luluabourg mpaka Kolwezi ni zaidi ya kilomita 600 za moja kwa moja, kwenda tu. Kutoka Kamina ni kama 230. Ukijua hiyo utaelewa mwenyewe kwa nini kituo cha Kamina kilikuwa dhahabu kwa ONU, na kwa nini jeti inayotoka mbali namna ile haiwezi kuzunguka zunguka juu ya mji nusu saa kama mzee mmoja alivyoniambia. Hakudanganya. Aliona ndege mbili tofauti, zimepishana.

Baada ya ndege, watu. Nimeona kurasa nyingi zenye orodha nzuri ya ndege, mpaka namba ya injini, na haina hata jina moja la aliyekufa. Operesheni nzima ya ONU mu Kongo ilipoteza karibu watu 250. Upande wa majandarme na raia hesabu haikufanywa vizuri, na hapo ndipo kazi yako ina maana zaidi. Ile Desemba ya 1961 madaktari wa hapa Elisabethville walilalamika kwa maandishi kwamba hospitali zimepigwa. Weka malalamiko yao kama malalamiko, weka na jibu la ONU, halafu enda utafute mtu aliyekuwa pale. Ukipata jina la raia aliyekufa kwa bomu ao kwa risasi ya ndege, mpe mstari wake kamili kama ulivyoipa ndege, tarehe, mahali, alikuwa anafanya nini saa ile. Mimi niko na mstari mmoja unaosema "mwanamke, alikuwa anachota maji", bila jina, na bado natafuta.

Tahadhari chache upesi upesi. Usipige foto uwanja wa Luano wala kituo cha Kamina bila karatasi ya ruhusa, watakukamata na telefone itabaki kwao. Ukionyeshwa chuma cha zamani porini karibu na Kolwezi usikiguse, usikigonge, mabomu hayazeeki kama watu, andika mahali na uwaambie wakubwa wa pale. Mtu akitaka kukuuzia kipande cha ndege, usinunue, piga foto namba yake tu ukikubaliwa. Na kila usiku tuma nakala ya kaye yako kwa mtu mwingine, hata kwa foto za telefone, juu moto, mvua na mwizi haviulizi.

Ukimaliza kuandika, mbele ya kumpa mtu yeyote asome, rudi kwa wale wazee. Wasomee kwa sauti kile kila mmoja alisema, polepole, mu Kiswahili chao. Mimi niliwasomea watatu jumapili moja chini ya mwembe kule Katuba. Nilipofika pale niliandika kwamba jeti ilipita kutoka upande wa Luano kwenda mjini, mmoja akainua mkono, akafumba macho kidogo, akageuza kiti chake kuelekea Likasi, akaninyooshea kidole. "Hapana mwanangu. Kule ndiko ilitokea." Nikafuta, nikaandika upya, nikaweka tarehe ya siku ile pembeni yake.